Mabati Matatu ya Kijani

Redio imesema ishara ya tatu,
na kabla ya usiku itapanda kuwa ya nne.
Jomar ameuliza ya tano ikoje.
Nimemwambia, kashike ncha ya kamba.

Kwanza paa.
Kamba nimeisokota mwenyewe kwa nyuzi za abaka
miezi ile sokoni Gigmoto hapakuwa na mnunuzi.
Inapita juu ya nyumba, inaikaza
kama mbeleko inavyomkaza mtoto anayetaka kushuka.
Upande wa mashariki nimeifunga kwenye jiwe.
Upande wa magharibi sina pa kuifungia:
kisiki pekee kilichobaki ni cha Policarpio.

Mimi na Policarpio hatusalimiani.
Tufani ile nyingine
iliondoka na paa langu saa nane usiku,
mabati yakipiga makofi hewani kama watu waliofurahi.
Asubuhi matatu yalikuwa uani kwake.
Wiki ya pili yalikuwa juu ya jiko lake.
Nayajua kwa rangi, kijani cha mlango wa shule,
mabaki ya kopo alilokuja nalo mume wangu
alipomaliza kuupaka ule mlango,
mwaka mmoja kabla hajafa.
Nilimwambia Policarpio, Hayo ni yangu.
Akasema, Upepo hautoi risiti.

Basi nikawa nikipita kwake natazama juu,
yeye anatazama chini,
na miaka minne ikaenda hivyo.

Leo sina muda wa kununa.
Mchele uko mfuko ndani ya mfuko ndani ya mfuko.
Vyeti vya kuzaliwa viko kwenye sufuria, kifuniko kimefungwa kwa waya,
na picha ya ndoa humo humo, nimeikunja, anisamehe.
Ndoo zimejaa. Hata buli la chai limejaa maji.
Nguruwe nimemfungulia,
maana wa kwanza kuzama ni aliyefungwa.
Marivic amepiga simu kutoka Dubai, analia,
Mama, nenda shuleni mapema.
Nimemuuliza kama amekula.

Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta
hawakuwahi kuuona ukuta
ukiondoka na ufa wake.
Hata hivyo naziba,
kwa matambara, kwa mbao za kitanda,
kwa mlango wa kabati ambalo sasa linanikodolea macho.

Kisha nikashika ncha ya kamba, nikavuka.

Alikuwa juu ya jiko lake
akinyoosha msumari uliopinda, kwa jiwe.
Misumari ilikuwa imemwishia.
Na mabati yangu yalianza kuinuka pembeni,
yanashuka, yanainuka,
yanaikumbuka njia.

Nikasema, Kisiki.
Akasema, Funga.

Nikafunga. Fundo, na fundo juu ya fundo.
Halafu nikarudi nyumbani, na hadi leo sijui kwa nini,
nikatoa kopo la misumari chini ya kitanda
na nyundo ya marehemu,
yenye doa la kijani kwenye mpini.
Policarpio akalitazama lile doa
mpaka mvua ya kwanza ikamgonga kisogoni.
Jomar akapanda kumshikia bati.

Usiku tulikuwa shuleni, darasa la pili,
watu arobaini na mmoja, kuku, mtoto wa siku tisa.
Saa nne komeo likang'oka.
Wenye migongo wakaiegemeza mlangoni,
na kwa kuwa giza halichagui jirani
bega lililokaa kwenye bega langu lilikuwa lake.
Mlango ulituma na kutusukuma kama ng'ombe mgonjwa.
Rangi haikuonekana. Niliijua kwa mgongo.

Katikati ya kelele akaniinamia sikioni:
Lile bati la kati nililitoboa vibaya. Linavuja.

Nikamwambia,
Lilivuja hata lilipokuwa kwangu.